Picha ya mjomba, mkono wangu: niipeleke mashindanoni?

Mama, shikamoo.

Nina miaka 41, mzaliwa wa Msasani, na huu ni mwaka wa tisa niko Iowa, Marekani, na mume wangu na watoto wawili. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya usiku. Mchana nikishalala, nachora. Nachora tingatinga, ile sanaa ya Dar es Salaam ya ndege na wanyama kwa rangi ya mafuta. Alinifundisha mjomba wangu, aliyekuwa na kibanda pale Morogoro Stores, Oysterbay. Nikitoka shule nilikuwa napitia kwake, ananipa kopo la rangi na brashi iliyochoka, nijaze madoa kwenye mabawa ya ndege. Baadaye akaniachia majani, baadaye ndege mzima. Sasa hivi nachorea mezani jikoni, mume analalamika harufu ya rangi imeingia hadi kwenye ugali.

Hapa kwetu kila Julai kuna maonesho ya kaunti. Ni kama Nanenane: ng'ombe, nguruwe, matrekta, bembea za watoto. Ila kuna jengo moja watu wanashindanisha keki, jemu, mablanketi ya kushona kwa mkono, na picha. Mwaka jana mwenzangu kazini akanisukuma nipeleke picha. Nikachora mti wa ndege, mbuyu wenye ndege 12, uleule wa mjomba. Nikaufunga kwenye shuka, mume akanipeleka. Dada wa mapokezi akaigeuza picha nyuma, akaona kitanzi cha kamba, akasema haipokelewi kwa sababu haina waya. Sikuwa na la kusema. Tulipofika nyumbani kufungua shuka, rangi ilikuwa imenasa: kanga mmoja alibaki nusu, nusu nyingine ipo kwenye shuka hadi leo. Mume akasema, "Nilikwambia haya mambo ni ya wenyewe." Hakusema kwa ubaya, anaogopa nisichekwe. Lakini niliumia.

Mwaka huu nataka kurudi. Nimechora mti mwingine, mzuri kuliko ule. Juzi nikasoma kijitabu chao cha masharti: kazi iwe ya kwako mwenyewe, isiwe nakala ya picha ya mtu mwingine, isiwe imechorwa chini ya mwalimu. Mama, nikaishiwa nguvu. Ule mti si wangu. Ni wa mjomba, naye aliutoa kwa mwenzake, na pale Morogoro Stores nusu ya watu wanauchora. Nilimtumia mjomba ujumbe wa sauti, akanijibu huku anacheka: "Mwanangu, mkono ni wako, peleka." Je, nikipeleka nimeiba?

Kijana wangu wa miaka 16 anasema nisijisumbue. Atamwambia kompyuta itengeneze tingatinga ambayo haijawahi kuchorwa na mtu, tuichapishe kwenye turubai, kwisha maneno. Mwenzangu naye anasema kwa vile niliwahi kuuza picha mbili kazini, dola 40 kila moja, itabidi nishindane na wachoraji wa kulipwa. Halafu sielewi hata hizo tepe zao. Keki yake ilipata utepe wa bluu, lakini niliona keki nyingine kama saba zenye bluu. Mshindi ni nani sasa?

Nina picha nyingine moja, ndogo, ila hiyo si tingatinga kamili, ni mchezo tu. Kuna bibi tuliyekuwa tunamhudumia alifariki Februari. Kiti chake cha magurudumu kilikaa siku tatu kwenye korido kabla ya kuondolewa. Nikakichora kiti kitupu na kanga watatu wamekaa juu yake, nyuma kijani tupu. Hiyo nimeitundika chooni.

Nishauri, Mama.
Mchoraji wa Jikoni, Iowa

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka peke yangu, kwa sababu nami ninayo ya kwangu. Miaka mingi nyuma nilipeleka mkeka wa ukili kwenye maonesho ya namna hiyohiyo. Nilikuwa nimeusuka miezi minne, kwa rangi tatu. Nilipokwenda kuuangalia, niliukuta umetandikwa mlangoni na watu wanapangusia viatu. Walifikiri ni wa kazi hiyo, na kwenye fomu sikuwa nimeandika ni kitu gani wala uwekwe vipi. Siku hiyo nilijifunza kwamba hawa watu hawana ubaya. Wana utaratibu, na utaratibu haukusomi moyoni, unasoma karatasi.

Tuanze na mjomba, maana hilo ndilo limekukaba.

Hukuiba. Edward Saidi Tingatinga, yule mtu wa Tunduru ambaye sanaa hii imechukua jina lake, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwenye vipande vya hadibodi, yale mabamba membamba ya mbao iliyosagwa na kushindiliwa, kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Alichora miaka michache tu. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi kwa makosa, akafa. Sanaa hii ilibaki hai kwa sababu alikuwa amewaweka ndugu na jamaa pembeni yake, kina Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda na Simon Mpata, wakijifunza kwa kufuata mkono wake. Mwaka 1990 waliofuata wakaunda chama cha ushirika. Kunakili ndiyo ilikuwa shule yenyewe, na pia ndiyo ilikuwa chakula cha jioni, kwa sababu mtalii akipenda mti wa ndege, kesho atakuja mwingine anautaka uleule. Kwa hiyo mjomba anaposema mkono ni wako, anasema kweli ya pale kibandani kwake.

Maonesho nayo yanasema kweli ya kwao. Wao hawaulizi nani aliyeshika brashi. Wanauliza nani aliyeamua: nani alisema mti ukae hapa, ndege wawe 12, huyu aangalie kule. Kwa swali hilo ule mti una wenyewe wengi, na ukitia sahihi chini ya tamko kwamba si nakala, utakuwa umesema jambo ambalo wewe mwenyewe huliamini. Ningekuwa wewe nisingeupeleka. Utundike sebuleni, pale unapostahili, na ukiulizwa useme huu ni mti wa mjomba wangu.

Peleka kiti.

Najua umeshtuka. Umeniandikia barua ndefu kuhusu mti, halafu kiti ukakitaja mwishoni kama mtu anayetaja ndoo iliyovuja. Na umesema si tingatinga kamili. Hapo ndipo nataka nikubishie. Tafuta picha za Edward mwenyewe, zile za mwanzo, uziangalie vizuri. Mara nyingi utakuta mnyama mmoja, ndege mmoja, amesimama mbele ya rangi tupu. Hakuna msongamano, hakuna Kilimanjaro nyuma, hakuna machweo. Ule ujazo wa ndege juu ya ndege mpaka pumzi ikose pa kupita umekuja baadaye, kwa wafuasi na kwa soko. Kiti kimoja, kanga watatu, kijani tupu: mwanangu, wewe chooni kwako umetundika kitu kilicho karibu na Tingatinga kuliko ule mbuyu wa ndege 12. Tena hakuna mtu Morogoro Stores aliyewahi kukuonesha kiti cha magurudumu kinavyochorwa. Yale magurudumu uliyaamua mwenyewe.

Sikwambii hivi ili kuwafurahisha majaji. Sijui wataonaje, na pengine kiti kikakaa pembeni, picha ya farasi ikachukua kila kitu. Kwenye maonesho ya kaunti farasi ana ndugu wengi.

Jambo moja la tahadhari. Kiti hakina uso, hilo ni zuri, lakini ni kiti cha mtu, na wewe ulikuwa kazini. Sheria za huko kuhusu siri za wagonjwa ni kali. Usiweke jina la bibi kwenye anwani ya picha, wala namba ya chumba, wala usimsimulie mtu pale maoneshoni kiti kilikuwa cha nani. Kama umechora kitambaa chake au kitu ambacho familia ingekitambua, pitia kwanza kwa msimamizi wako wa kazi uombe ruhusa. Anwani iwe fupi, "Kiti" inatosha.

Kuhusu kijana wako. Usimgombeze, wazo lake si geni. Agosti 2022, kwenye maonesho ya jimbo la Colorado, pale Pueblo, Jason M. Allen alishinda nafasi ya kwanza katika sanaa ya kidijitali kwa picha iliyotengenezwa na programu ya Midjourney, akaichapisha kwenye turubai kama anavyotaka kijana wako. Zawadi ilikuwa dola 300. Alikuwa ameandika jina la programu kwenye fomu, ila majaji hawakujua hiyo Midjourney ni kitu gani. Dunia nzima ikagombana. Mwaka uliofuata ofisi ya hakimiliki ya Marekani ikakataa kumsajilia ile picha kuwa yake, kwa kuwa hakukubali kuitenga sehemu iliyofanywa na mashine. Sasa mwambie kijana: yule bwana alishindana kwenye idara ya kidijitali. Wewe ukichapisha picha ya kompyuta ukaiingiza kwenye idara ya rangi na brashi, huo ni uongo wa mchana. Na kinachonichekesha ni kwamba hiyo "tingatinga ambayo haijawahi kuchorwa na mtu" imepikwa kwa picha za watu waliochora. Mjomba wako huenda yumo humo ndani na hajalipwa hata senti.

Haya, sasa tukae kifundi, maana mwaka jana hukuangushwa na sanaa, uliangushwa na kamba.

Hadibodi ni nyembamba, milimita tatu hivi, haishiki skrubu. Nunua mbao nyembamba, ukate vipande vinne, uvigundishe kwa gundi ya mbao nyuma ya picha kuzunguka kingo, upande ule wenye kukwaruza. Laza picha kifudifudi juu ya kitambaa safi, weka vitabu vizito juu ya mbao, acha usiku kucha. Hizo mbao zinafanya kazi mbili: zinazuia hadibodi isipinde, na zinakupa mahali pa kufunga. Kisha chukua vipete viwili vya chuma vyenye umbo la D, uvifunge kwa skrubu kwenye mbao za kushoto na kulia, theluthi moja ya kimo kutoka juu. Pitisha waya wa kutundikia picha, ulegee kidogo, ila ukiuvuta katikati usichungulie juu ya fremu. Vile vibati vyenye meno ya msumeno vinavyouzwa na fremu za bei rahisi, maonesho mengi hayavitaki. Na soma kama wanalazimisha fremu. Picha ya rangi ya mafuta haihitaji kioo, kwa hiyo fremu nyembamba nyeusi itakutosha.

Rangi. Ile ya mafuta unayonunua kwenye duka la vifaa vya ujenzi ukiigusa kesho yake utadhani imekauka. Imekauka juu tu. Chini bado ni laini, na inaweza kukaa hivyo wiki kadhaa, zaidi kama chumba kina baridi au unyevu. Kanga wako alinaswa kwa sababu hiyo. Ipe mwezi mzima kabla ya kitu chochote kuigusa usoni. Kiti cha tangu Februari kiko salama, ila kama utakigusagusa kukirekebisha, saa inaanza upya. Na jikoni usichoree tena, mume wako hapo ana haki. Mvuke wa rangi hiyo na moto wa jiko si marafiki. Hamia gereji, fungua mlango, na msimu wa baridi kali uchore kwa penseli.

Kwenye fomu, soma orodha ya idara kabla ya kuandika. Maonesho mengine yana rangi ya mafuta, ya maji, akriliki, halafu fungu la "nyinginezo". Rangi yako ni ya mafuta ila si ile ya wachoraji wa studio, na ukiwekwa fungu lisilo lako jaji anaweza kukuondoa. Piga simu kwa msimamizi wa idara ya sanaa, kila maonesho yanaye, umuulize hivi: nimetumia rangi ya mafuta ya nyumba juu ya hadibodi, niingie wapi? Kwenye simu hiyohiyo umuulize kuhusu wachoraji wa kulipwa. Kila maonesho yana mpaka wake. Wapo wanaosema ni yule anayeishi kwa sanaa au anayeifundisha, wapo wanaosema hata ukiuza picha moja umevuka. Usimtegemee mwenzako wa keki kwa hili. Angalia pia tarehe, kwa sababu siku ya kujiandikisha na siku ya kuleta picha mara nyingi ni mbili tofauti, na ya kwanza huja mapema kuliko unavyodhani. Andika na siku ya kuchukua, kwani wengine hawatunzi picha iliyoachwa.

Watakuuliza bei. Unaweza kuandika kwamba haiuzwi. Kama unauza, tafadhali usiandike 40. Fremu peke yake itakuwa imekula nusu ya hiyo.

Tepe sasa. Huko Marekani bluu ni ya kwanza, nyekundu ya pili, nyeupe ya tatu. Lakini kuna namna mbili za kuzigawa. Kwa namna moja bluu ni moja tu katika kila fungu. Kwa nyingine, wanayoiita mfumo wa Kidenmaki, kila kazi inapimwa na kiwango, haipimwi na jirani yake. Kazi zote zilizofika kiwango cha juu zinapata bluu, ziwe moja au nane. Ndiyo maana uliona keki saba. Mara nyingi katika hizo bluu wanachagua tena moja iwe bora ya fungu zima, na hiyo inapata utepe mkubwa, aghalabu wa zambarau. Basi keki ya mwenzako ilikuwa nzuri kweli, ila usimwambie kuhusu zambarau.

Na ukipata nyeupe? Huko huko kwenu Iowa alizaliwa mchoraji Grant Wood. Mwaka 1930 alipeleka Chicago picha ya mkulima ameshika uma wa nyasi na mwanamke pembeni yake, ile ambayo hata asiyejua jina lake ameiona kwenye kikombe au fulana. Walimpa nafasi ya tatu na dola 300. Jumba la makumbusho la Chicago likainunua, wanayo hadi leo.

Limebaki la mume. Aliposema mambo haya ni ya wenyewe, naona aliona uso wako pale mezani ulipoambiwa hapana, na hakuwa na cha kukusaidia. Mwanaume akikosa cha kufanya husema neno kama hilo. Mpe kazi. Kugundisha mbao na kufunga waya ni shughuli ya watu wawili, mmoja ashike mmoja akaze. Siku ya kupeleka, yeye ndiye abebe, tena asubuhi mapema kabla foleni haijawa ndefu. Yule dada akiigeuza picha nyuma, atakuta kazi ya mume wako.

Beba kiti kwenye boksi la karatasi gumu, uso usiguswe na chochote. Shuka liache nyumbani.